Redio ya Mume Wetu na Skrubu ya Mjomba

Bibi yangu, mzaa mama, alianza kuniita mke mwenzangu tangu sijaota meno. Kwetu mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, apende asipende, na hata kifo hakivunji ndoa hiyo. Babu alikuwa amelala nyuma ya kanisa miaka mingi, lakini kila alichoacha kilibaki mali yetu sisi wawili: shoka la mume wetu, kiti cha mume wetu, na juu ya vyote redio ya mume wetu. Kitu kikiharibika, mke mkubwa alilalamika na mke mdogo alitengeneza. Ndivyo tulivyogawana kazi, na sikumbuki kuulizwa kama nimekubali.

Kutengeneza ndiko kulikonilisha. Nilikuwa na kibanda cha mbao mtaa wa Mfaranyaki, kati ya muuza mitumba na mama mmoja wa maandazi, nikifungua simu, pasi na redio za watu. Miaka ile umeme wa mji wa Songea ulitoka kwenye majenereta na tuligawiwa kwa zamu, kwa hiyo vitu viliungua sana umeme uliporudi kwa kishindo, na mimi nikapata riziki. Wateja walikuja wakanikuta nimeinamia kazi, pasi ya kulehemu mkononi, moshi umenijaa puani, halafu wakaniuliza kama fundi yupo. Nilikuwa nawajibu kwamba fundi ametoka, ameniachia mikono yake. Wengine walikaa kumsubiri.

Sasa hiyo redio. Lilikuwa dude la zamani lenye mkanda wa ngozi na kitambaa kilichotoboka mbele, linalokula betri kubwa nne kwa mkupuo. Betri zikichoka Bibi alizianika juu ya bati pamoja na mahindi, zikapata nguvu za kumalizia taarifa ya habari. Zikichoka tena alizipasha karibu na jiko. Nilimkanya mpaka koo likanikauka kwamba siku moja zitampasukia usoni. Alinijibu kwamba yeye na mume wetu walianika betri kabla mama yangu hajazaliwa, na kwamba nikae kimya nimenye karanga.

Mambo yalibadilika alipokuja kijana mmoja wa redio ya mjini na kinasa sauti chake. Alikuwa akitafuta wazee waliosimuliwa habari za Maji Maji na wazazi wao, na Bibi alikuwa amesimuliwa na mama yake mzazi, ambaye vita ile ilimkuta akiwa binti mdogo. Bibi aliongea toka uji wa asubuhi mpaka kijana akaomba maji ya kunywa. Aliaga akisema kipindi kitarushwa siku ya kuwakumbuka mashujaa, alasiri, watu wakishatoka kwenye hotuba kule kwenye mnara wa mashujaa. Kitarushwa mara moja tu. Hakirudiwi.

Kuanzia hapo hatukupumua. Bibi alimtangazia paroko, akawatangazia wanajumuiya, akamtangazia hata yule dada wa zahanati aliyekwenda kumchoma sindano. Maisha yake yote alikuwa hajawahi kusikia sauti yake ikitoka nje ya mwili wake. Na hofu yake ilikuwa moja: betri zitamkatikia katikati, kama zilivyomkatikia kila Jumapili katikati ya mahubiri.

Nikamwambia, Bibi, hilo jambo dogo, nitakuletea redio nyingine ya kuchaji, ninazo tele kibandani. Alinitazama kama nimemtukana mbele ya wageni.

"Nisikilize sauti yangu kwenye redio ya watu," akasema, "kana kwamba sina mume?"

Basi yakaisha hayo. Lazima iwe redio ya mume wetu, na lazima isizimike.

Hapo ndipo mjomba alipojiingiza. Mjomba, mdogo wake mama, alikuwa akiishi nyumba ya pili kutoka kwa Bibi, huko upande wa Matogoro, na alikuwa mtu wa kwanza kijijini kununua sola. Alikuwa na paneli moja juu ya paa na betri ya gari chini ya kitanda, na watu walimpelekea simu zao kuchajiwa kutoka mpaka ng'ambo ya mto. Sifa ilikuwa imempanda kichwani. Akasema hakuna haja ya mafundi wa mjini, yeye atachukua waya mbili, ataunganisha redio kwenye betri ya gari, na Bibi atajisikiliza mpaka Pasaka. Kwa mjomba umeme ulikuwa umeme tu, wala hauna mkubwa na mdogo.

Mimi nilikuwa naijua historia ya mjomba. Redio yake mwenyewe aliiunganisha hivyo hivyo. Ilipiga kelele kidogo, ikatoa moshi mweupe, ikanyamaza moja kwa moja. Aliizunguka, akainusa, akatangaza kwamba ilikuwa na ugonjwa wa ndani tangu zamani. Betri zile kubwa nne zinatoa volti sita zikipangwa pamoja, na betri ya gari inatoa kumi na mbili na ziada. Kumpa mzee wa volti sita volti kumi na mbili ni kumuua kwa ukarimu. Nilimwambia Bibi asimruhusu mjomba hata kuisogelea ile redio, akailaza kitandani kwake na kuifunika kanga.

Kibandani nilikuwa na bodi ndogo za kupunguza volti, zile zinazoingia kwenye kiganja. Upande mmoja unaingiza umeme mkubwa, upande wa pili unatoa mdogo, na juu yake kuna kiboksi cha bluu chenye kiskrubu cha rangi ya dhahabu. Ukizungusha skrubu, volti za kutokea zinapanda au zinashuka. Nikaunganisha betri upande wa kuingilia, mita upande wa kutokea, nikashika bisibisi. Nikazungusha. Mita haikutikisika. Nikazungusha tena, kumi na mbili ileile. Nikazungusha mpaka kiganja kikaniuma, hola.

Nina hasira za karibu, sikatai. Nilitoka nje ya kibanda na bodi mkononi, nyaya zake zikivutika kutoka ndani, nikamtaja hadharani mfanyabiashara aliyeniuzia, nikamwita tapeli, nikasema anatuuzia takataka zilizoshindikana kwao, nikasema na mengine mpaka mama wa maandazi akawaziba wateja wake masikio. Na wakati wote huo, kwa kuwa mikono yangu haijui kutulia, nilikuwa nazidi kuzungusha. Niliporudi ndani mita ilikuwa inasoma tisa. Kumbe skrubu ile ni ya mizunguko mingi, na ikitoka kiwandani imezungushwa mpaka mwisho, mtu inabidi airudishe weee mpaka ifike mahali inapoanza kufanya kazi. Nikarudi nje kusema kwamba yule bwana siyo tapeli sana. Hakuna aliyenisikiliza safari hii.

Nikashusha mpaka sita kamili, nikapanda bodaboda, nikaenda kwa Bibi.

Bibi alikikagua kile kibodi kwa muda. Akataka kujua hizo volti sita zinazobaki zinakwenda wapi, maana hakuna kitu kinachopungua bila mtu kukichukua. Nikamwambia kwamba vipunguzaji vya zamani vilikuwa vinaziunguza zikawa joto, ndiyo maana vilichemka kama sufuria. Hiki kina akili zaidi. Nikatafuta mfano, na kwa kuwa Bibi ujanani alipika pombe ya komoni ikajulikana mpaka Peramiho, nikampeleka kwenye komoni. Nikamwambia, fikiria pipa kubwa, na msichana mwenye kata anayechota haraka haraka kutoka kwenye pipa kutia kwenye chungu, na chini ya chungu pana tundu linalotiririsha kwa mteja. Msichana ni hiki kidude cheusi, kinafungua na kufunga upesi kuliko jicho linavyopepesa. Chungu ni hii koili iliyosokotwa waya na haya makopo madogo, vinapokea vishindo vya kata na kuvitoa vikiwa vimetulia. Na kando ya mteja amekaa muonjaji. Akiona chungu kinajaa kupita kiasi anamwambia msichana, pumzika. Akiona kinapungua anamwambia, ongeza. Muonjaji ndiye skrubu. Hakuna kinachomwagwa, kinachotwa kidogo tu kutoka kwenye pipa.

Bibi akaelewa mara moja, akaanza kumsema yule msichana kwamba hachoki. Halafu uso ukambadilika.

"Na nani amekijaribu?" akauliza.

Nikamwambia nimekipima kwa mita. Akasema yeye haijui mita. Akasema mama yake alimwambia kwamba hata yale maji yalipoletwa, aliyeyaleta alikuwa na maneno mazuri tu, kwamba risasi za Mjerumani zitageuka maji zikiwafikia. Wanaume wakanyunyiziwa, wakaenda. Baba wa mama yake alikuwa mmoja wao, na hakurudi. Kilichomuuma mama yake mpaka anakufa, kasema Bibi, siyo kwamba walidanganywa, maana kudanganywa ni jambo la binadamu. Ni kwamba katika watu wazima wote wale wenye akili zao, hakuna aliyechukua mbuzi mmoja, akamnyunyizia, akampiga risasi, waone.

"Redio ya mume wetu haitakuwa ya kwanza," akasema. "Tafuta mbuzi."

Mbuzi wetu alikuwa taa. Nikatoa balbu ya tochi ya zamani ya volti sita, nikaifunga kwenye bodi, bodi kwenye betri ndogo niliyokuja nayo kutoka kibandani, ikawaka vizuri na mwanga wake wa manjano. Bibi akavuta kigoda akakaa mbele yake, anamenya karanga na kuilinda. Alisema itawaka siku nzima, na ikifika jioni haijafa, tutazungumza.

Mchana nikaenda kuchota maji kisimani. Mjomba akapita. Aliikuta balbu inawaka, Bibi amesinzia na ungo mapajani, na skrubu ya dhahabu inamtazama. Mjomba alikuja kusema baadaye kwamba aliona mwanga umefifia, akataka kutusaidia. Akachukua kisu cha jikoni. Nilikuwa njiani na ndoo kichwani niliposikia mlio, na nilipofika, balbu ilikuwa imepasuka, vigae vimo ndani ya karanga, Bibi yuko wima, na mjomba ameficha kisu nyuma kama mtoto.

Sitasema niliyomwambia mjomba wangu siku ile, kwa sababu ni mjomba. Nilianza na shikamoo, hilo nakumbuka. Yeye alijitetea kwamba angalau sasa tunajua upande gani unaongeza.

Bibi ndiye aliyetunyamazisha. Akasema mbuzi amekufa, na afadhali mbuzi. Lakini kulikuwa na jambo linamsumbua kuhusu yule muonjaji. Ikiwa muonjaji ndiye anayemwambia msichana pumzika, je, siku muonjaji mwenyewe akilewa, akalala?

Kweli, zile skrubu zina tabia hiyo. Zinachakaa ndani, zinaingia vumbi, siku nyingine kile kimguu cha katikati kinaachia, na muonjaji asipokuwepo kabisa msichana haambiwi kupumzika tena, anamimina pipa lote. Redio ingekufa hata bila mjomba. Nikamwambia Bibi kwamba muonjaji akilala tumekwisha. Akasema basi nimwondoe mlevi, nimweke mtu asiyekunywa.

Nikarudi Mfaranyaki na kibodi changu. Kwanza nikakirudisha kwenye volti sita, halafu nikaking'oa kile kiboksi cha bluu bila kuigusa skrubu, nikapima upinzani wake kilipoishia. Nikatafuta kwenye kopo langu rezista za kawaida, vile vijiti vidogo vyenye mistari ya rangi, nikaunganisha moja nyuma ya nyingine mpaka nikapata upinzani uleule, nikazilehemu upande wa chini wa bodi pale pale miguu ya kiboksi ilipokuwa. Rezista haizunguki, haisikii kisu cha jikoni wala maoni ya mtu. Nikawasha: sita. Nikatikisa, nikagonga mezani, nikapuliza: sita. Huyo ndiye muonjaji niliyemtaka, kiziwi na mwenye msimamo.

Kikabaki kile kiboksi cha bluu mkononi. Nilitaka kukitupa. Lakini nikamkumbuka mjomba. Tangu siku ya balbu alikuwa amewaeleza watu wote wanaoleta simu kwamba yeye ndiye aliyegundua upande wa kuongeza, na kwamba siku ya kipindi yeye ndiye atakayekaa kwenye skrubu. Nikirudi na bodi isiyo na skrubu, nitakuwa nimemvua nguo mbele ya kijiji. Na zaidi ya hapo nilimjua: mikono yake ikikosa skrubu itatafuta waya. Basi nikachukua koleo nikakata miguu ya kiboksi, nikakibandika kwa gundi juu ya bodi palepale kilipokuwa. Kilipendeza. Hakikufanya kitu chochote duniani.

Tukajaribu na balbu nyingine, ikawaka siku nzima na Bibi akailinda bila kusinzia. Jioni akatoa ruhusa. Redio ikafunguliwa kutoka kwenye kanga, nikafunga waya mahali pa betri, mjomba akaleta betri ya gari akiwa ameibeba kama mgonjwa, na redio ya mume wetu ikaongea kwa sauti ambayo haikuwahi kuwa nayo miaka yote ile ya betri za kuanikwa. Bibi alicheza kidogo. Mjomba akainama kwenye skrubu yake na bisibisi niliyomwachia, akazungusha kushoto, akasikiliza, akazungusha kulia.

"Hapo sasa," akasema. "Mmesikia ilivyotulia?"

Majirani wakasema wamesikia. Mmoja akasema kabla ya hapo ilikuwa inakwaruza. Nilikung'uta vumbi kwenye sketi yangu ambayo haikuwa na vumbi.

Wiki nzima mjomba alipokea wageni. Aliwaonyesha kiboksi cha bluu, akawaambia kwamba huo ndio moyo wa mtambo, kwamba bila huo redio inalipuka, na kwamba kuuzungusha kunataka kipaji. Watu walianza kumletea redio zao aziangalie. Mimi nilikuwa nachekea chini ya kanga, lakini mgeni akinitazama nilikwepesha macho. Siku moja tukichambua mboga, Bibi akasema bila kuinua macho kwamba amemwangalia mwanawe akizungusha na kuzungusha, na redio haipandi wala haishuki.

"Ile skrubu haifanyi kitu," akasema. "Au naongopa, mke mwenzangu?"

Nikakiri. Nikamweleza koleo na gundi. Nikamwambia nimeona aibu, maana yeye amenisimulia habari za maji yasiyofanya kitu, na mimi huyo nikawapa watu ya kwangu. Bibi alicheka mpaka akaweka ungo chini. Akasema niache ujinga. Maji yale walipewa watu wanaokwenda kupigwa risasi. Haya ya mjomba wangu, haendi nayo popote, amekaa nayo nyumbani kwa mama yake na amefurahi. Aendelee nayo. Ila nihakikishe yale ya chini, ya kweli, yamekaza.

Siku ikafika. Asubuhi ilinyesha, mawingu yakakaa juu ya milima ya Matogoro kama yamelipwa, na nikaanza kuogopa kwa sababu mjomba, pamoja na sifa zake zote, alikuwa amechaji simu za watu toka alfajiri. Betri ilikuwa imeshuka. Lakini huo ndio uzuri wa kile kibodi: pipa likipungua, msichana anaongeza kasi ya kuchota, na mteja hajui kama kuna shida. Ilimradi pipa lisikaukie chini kabisa. Nikamkataza mjomba kugusa simu nyingine yoyote, nikazitoa nyaya zake za kuchajia nikazikalia.

Alasiri uwanja ulikuwa umejaa. Jumuiya yote ilikuja, paroko alituma salamu, watoto walipanda kwenye mapaa. Redio iliwekwa juu ya kiti cha mume wetu, kibodi mbele yake juu ya kigoda kilichotandikwa kitambaa, mjomba kando na bisibisi yake, amevaa koti. Bibi alikaa mbele kabisa na rozari mkononi.

Kipindi kilikuwa kimeshaanza, mtangazaji anasema maneno ya utangulizi, ndipo akaingia mtani wetu. Alikuwa mzee wa Kihehe aliyeoa kijijini kwetu zamani, na hakuna msiba wala sherehe iliyopita bila yeye kuja kutuvuruga. Mtani ndivyo alivyo. Anaweza kuingia jikoni kwako akabeba sufuria, akalala kwenye kaburi lenu akakataa kutoka, na wewe ukikasirika ndiye mwenye makosa. Akasimama katikati, akatusalimu kwa Kihehe, "Kamwene," akatuuliza ni sherehe gani hii isiyonukia kuku. Akasema Wangoni wana mkosi, walikuja mbio kutoka kusini na hadi leo hawajajifunza kukaribisha mgeni. Bibi, bila kugeuka, akamjibu kwamba kuku wapo, wamejificha baada ya kusikia Mhehe anakuja, na kwamba atakula kipindi kikiisha.

"Basi nachukua rehani," akasema mtani.

Akaangaza macho. Kwenye nyumba ya utani mtu anachukua kile kinachowauma wenyeji, na kwa wiki nzima mjomba alikuwa amewaambia watu wote, mtani akiwemo, moyo wa mtambo ni upi. Yule mzee akainama kwenye kigoda, akashika kiboksi cha bluu kwa vidole viwili, akakinyofoa kama anavuna nyanya. Akakitia mfukoni.

Mjomba akanyanyuka. Hakuweza kumshika, ni mtani. Hakuweza kupiga kelele, ni mtani. Alikuwa ameinua mikono yote miwili nusu, kama mtu anayetaka kupokea mtoto anayeanguka. Wakati huohuo mtangazaji akasema, sasa tumsikilize bibi yetu kutoka Songea, na redio ikanyamaza.

Kimya. Uwanja mzima. Mimi najua alichokinyofoa hakina kazi, lakini gundi yangu ilikuwa kali, na rezista zangu zilikuwa upande wa pili palepale, zimeshikwa na lehemu ya mkono wangu. Ikiwa amezitikisa, ikiwa kiungo kimoja kimeachia, msichana anamimina pipa lote na redio ya mume wetu inakufa mbele yetu. Nilipiga magoti nikakiinua kibodi. Viungo vilikuwa vimekaza. Na redio ikavuta pumzi, kwa sababu kimya kile kilikuwa cha redio yenyewe, ndivyo wanavyofanya kabla ya kumwachia mtu aongee. Sauti ya mwanamke mzee ikatoka, pana, ya polepole.

Watu wakapiga makofi. Wengine walimpiga mjomba mgongoni, wakidhani ni yeye. Mjomba alikuwa anatazama mahali palipokuwa na kiboksi, halafu ananitazama mimi, halafu anapatazama tena. Mtani akakitoa mfukoni akakigeuza, akakiona hakina miguu. Naye akanitazama.

Lakini Bibi hakuwa amepiga makofi. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, amekunja uso.

"Nani huyo?" akauliza.

Tukamwambia ni wewe Bibi, ni wewe. Akatikisa kichwa. Akasema yeye haongei hivyo, hana sauti ya kizee namna hiyo. Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Redio ikaendelea. Ile sauti ilikuwa inaeleza jinsi maghala yalivyochomwa, na wanawake walivyokimbilia porini na watoto, na binti mdogo aliyelazwa kwenye nyasi huku mama yake amemziba mdomo kwa kiganja kinachonuka moshi, askari wanapita karibu kiasi cha kusikia viatu vyao. Ilisema binti yule alibaki na harufu ya moshi ule puani mpaka uzee wake.

Bibi akasimama. Rozari ikamwanguka, hakuiokota.

"Siyo mimi," akasema taratibu. "Huyo ni mama."

Hakuna aliyecheka tena. Tulisikiliza, na mimi niliyekuwa sijawahi kumwona mama yake Bibi hata kwenye picha, nikajua kwamba ndivyo alivyoongea, kwamba sauti ile ilikuwa imemkaa Bibi kooni miaka yote, ikizeeka humo, yeye mwenyewe asiisikie kwa kuwa alikuwa ndani yake. Machozi yalinitoka na sikuyafuta. Mtani alianza kusema neno, nadhani kuhusu kuku, ni mazoea tu. Bibi akainua mkono.

"Kimya. Mama yangu anaongea."

Yule mzee wa Kihehe akavua kofia. Akaenda mpaka kwenye kigoda, akakirudisha kiboksi cha bluu juu ya bodi, pale pale alipokitoa, akakiweka sawasawa kwa kidole. Kilikaa hapo kimelegea, hakijagusana na chochote.

Bibi akamgeukia mjomba, aliyekuwa bado ameshika bisibisi na hajui aiweke wapi.

"Mwanangu," akamwambia, "niongezee kidogo."

Mjomba akanitazama. Mimi nikatazama chini. Akapiga magoti na koti lake, akakishika kiboksi kwa mkono mmoja kisianguke, akaizungusha skrubu taratibu, upande ule wa kuongeza. Na mimi niliyeikata miguu kwa koleo langu mwenyewe, nikasikia sauti imepanda.